Sikio la Kushoto

Hedifoni za maktaba ya Kakamega zilikuwa na nambari
zilizoandikwa kwa rangi ya kucha.
Yangu ilikuwa nne. Nilichelewa daima,
na tatu za kwanza zilikuwa zimeshapata masikio.

Nambari nne ilisikia kushoto tu.
Kulia kulikufa zamani, sifongo imebanduka,
waya umefungwa plasta ya kidonda.

Nusu saa kwa kila mtu. Bi Nekoye aliandika jina lako daftarini
kisha akaitazama saa ya ukutani
kama anayechemsha yai.

Niseme ukweli, sikwenda kwa ajili ya muziki.
Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo bado,
na nyumbani kulikuwa na mahindi ya kupukuchua
yasiyokwisha hata ukiyapukuchua ndotoni.
Nilikwenda kukaa.
Rafu ya mwisho, kati ya kilimo cha chai na sheria za ardhi,
nikakuta kitabu kuhusu magitaa ya huku kwetu,
kinanuka panya. Mwazimaji wa mwisho
alikirudisha mwaka niliozaliwa.

Nikayatoa majina humo, moja moja,
nikayaandika mtandaoni kwa kidole kimoja.
Mtandao ukazunguka. Ukazunguka.
Kisha mtu aliyekufa kabla mama yangu hajaota meno
akaanza kupiga gitaa sikioni mwangu.

Aliimba kuhusu baiskeli.
Aliikopesha, haikurudi. Ni hayo tu.
Lakini gitaa lile!
Lilishuka mteremko likijua mawe yote,
likakata kona ambayo sikuiona ikija.

Wiki tano, wimbo mmoja.

Nambari tano ilikuwa ya Kageha,
mwanafunzi wa cherehani, pini zimejipanga kolani.
Alikuja kutazama mishono, alisema.
Akaona goti langu linavyotikisika,
akauliza jina la wimbo, akaufungua kwake.

"Huyu wa chupa ana mkono mwepesi."
Chupa gani?
"Ya soda. Anaigonga. Husikii?"
Hakuna chupa, kuna gitaa.
"Gitaa lipi?"

Tukagombana kwa kunong'ona, kama wanandoa kanisani,
siku mbili nzima. Mimi nikamwona mwongo,
yeye akaniona kiziwi.

Siku ya tatu mvua ya saa tisa ikaja na stima ikaondoka.
Skrini zote zikafumba macho kwa pamoja.
Tulivua, tukaweka mezani, tukangoja.
Stima iliporudi, kila mmoja alivaa ya mwenzake
bila kujua.

Nambari tano ilisikia kulia tu.

Ka-ti-ka, ti-ka. Chupa, kweli, chupa,
na mtu wa pili anayecheka kidogo kabla ya kiitikio.
Wiki tano alikuwa akicheka bila mimi.
Nikageuka. Kageha alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Basi tukaanza kugonga meza, yeye upande wake, mimi wangu,
na Bi Nekoye hakusema maneno mawili.
Alisema moja: "Nje."

Barazani, chini ya mabati yanayopigwa na mvua,
Kageha alivaa subana, akagonga nguzo ya chuma.
Mimi nilikuwa gitaa, kwa mdomo.
Hatukuimaliza ile baiskeli. Nilikosea kona ya pili,
mvua ikatushinda sauti.

Siku hizi Kageha ana duka Mbale. Hapana, hatukuoana.
Nami nina simu yenye masikio mawili mazima,
na wimbo ule naupata nikiwa kitandani,
wakati wowote, bila daftari.

Usiku mwingine natoa sikio la kulia
na kuuacha upande mmoja uende peke yake.
Kuna mahali, kabla ya kiitikio, gitaa linanyamaza
kwa muda usiotosha hata kupepesa jicho.
Zamani nilidhani linavuta pumzi.
Kumbe lilikuwa linasogea kwenye benchi
ili chupa ikae.