Thumuni

Bi Barke alifungua kwa ufunguo mrefu kama mkono wa mtoto,
akausukuma mlango kwa nyonga,
akaniambia, karibu kwangu.
Kwangu. Alilitamka polepole,
kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani.

Mimi nilikuwa na kishikwambi cha serikali
na maswali arubaini na mawili.
Ndivyo wanavyoulizwa wazee wanaopokea elfu mbili:
bado u hai? bado u maskini?
La kwanza hujibiwa kwa kidole gumba.
La pili lina mambo.

Ukuta ni wa nini? Udongo, mabati, makuti, mawe.
Nikautazama: matumbawe, chokaa imebambuka,
ufa umeshuka toka kwenye boriti hadi chini,
mjusi akiingia huku hutokea nyumba ya pili.
Nikabonyeza: mawe.
Papo hapo alama zake zikapanda kama maji ya bamvua.

Mara ya mwisho nilimkuta Langoni, chumba cha kupanga,
kitanda, seredani, ndoo mbili na kifuniko kimoja;
mtihani wa ufukara aliupita bila kutokwa na jasho.
Kisha Mzee Lali Bunu akafia Mombasa kwa wanawe,
wale wa marehemu mke mkubwa,
na kadhi akagawa nyumba hii ya Mkomani:
watoto sita hisa zao,
mjane thumuni.

"Utotoni mwangu thumuni ilikuwa pesa," akasema.
"Ilinunua mkate wa mofa na chenji ikarudi.
Sasa ndiyo hii.
Wenzangu hawauzi, hawajengi, hawaji.
Nile thumuni ipi, mwanangu?
Ngazi? Kidaka? Kivuli cha ukuta saa tisa?"

Swali la kumi na tisa: unamiliki nyumba?
Ndiyo. Siyo.
Hapakuwa na kisanduku cha moja ya nane.

Nikashusha sauti, ingawa tulikuwa wawili.
Naweza kuandika siyo, Bi Barke.
Elfu mbili ndiyo kodi yako, ndiyo vidonge vya presha.
Huishi humu. Hata popo wenyewe wamehama.
Nani atajua?

Akaketi ngazi ya tatu, akaipangusa kwanza.

"Miaka thalathini na mmoja nilimpikia.
Leso alininunulia Idi hadi Idi, na Idi nyingine akisahau.
Jina langu hakuliweka popote,
si kwenye hati, si kwenye chombo, si kwenye kinywa chake mbele za watu.
Leo liko kwenye karatasi yenye muhuri.
Nawe umekuja kunifutia?"

Sikujibu.

"Andika ndiyo."

Nikaandika. Kishikwambi kikawaza, kikagoma:
hakuna mtandao.
Kuta za watu wa kale, unene wake dhiraa,
hazipitishi hata habari mbaya.

"Juu utapata," akasema, akatangulia,
akipanda ngazi zake, mkono gotini,
akinionyesha iliyomeguka nisije nikaikanyaga,
mpaka pale paa lilipokuwa.
Uchochoroni punda alikuwa akitafuna boksi la sabuni.
Nikainua mkono, nikageuka huku, nikageuka kule.

"Imepata?"

Bado, nikasema.

Mistari miwili ilikuwa imeshawaka.