Risiti

Mwadime alishindwa kunilipa elfu mbili za geti,
akaniletea mtoto wa mbwa ndani ya katoni ya sabuni.
"Shika huyu," akasema, "mama yake mkali."
Binti yangu Wakesho akamwita Risiti,
kwa kuwa hatukupewa karatasi nyingine.

Mimi huchomelea mageti ya watu wa Nyali,
yenye maua ya chuma na mikuki juu.
Nyuma ya nyumba yangu, hapa Mikindani,
ua ni mabati matatu yaliyoliwa na chumvi,
ubavu wa kitanda kilichovunjika,
na imani.
Mganga hajigangi.

Jumamosi nikalala kifudifudi uani,
kidevu mchangani,
niutazame ua kwa macho ya kiumbe wa shubiri moja.
Lo!
Miaka kumi na mmoja nimepita hapa wima
nikidhani nina ukuta.
Kumbe huku chini nina kifumbu.
Tundu la nguchiro.
Tundu la maji ya bafuni, udongo laini,
makucha yake yameshaanza kuandika hapo.
Mwanya kati ya vyuma vya kitanda, wa kupita kichwa,
na kichwa kikipita, Wakesho aliniambia, mwili haubishani.

Na ng'ambo, katika tundu la ukubwa wa sahani,
miguu ya Bi Swafiya, kandambili za buluu,
birika la kutawadhia,
msala umeanikwa kwenye kamba ya chini.

Hatujazungumza tangu mvua za mwaka juzi,
maji yangu yalipoingia kwake.
Salamu, ndiyo. Salamu haziui mtu.

Nikachukua mtaimbo. Kidogo tu cha udongo,
kisha jiwe la matumbawe linakurudishia mkono wako.
Basi nikapanga mawe chini ya mabati, nikamwaga saruji,
nikaukunja waya wa kuku kwa ndani, ulale chini kama ulimi,
ili akichimba akutane nao.
Lakini waya una wivu:
ukiubana huku, unafumuka kule.
Unataka mikono minne,
miwili huku, miwili ng'ambo.

"Hapo bado pawazi," ikasema sauti.
"Nipa ncha nikushikie."
Vidole vyenye hina iliyobaki nusu ya kucha
vikatokeza, vikashika.
"Sina neno na mbwa wako. Mate yake tu.
Msala huu nauswalia tangu nimeolewa."
Nikasema nimesikia.
Nikasema na yale maji pia,
nitayageuzia mfereji, yaende barabarani.
Kimya. Koleo ikalia kri, kri.
"Ungesema tangu ile mvua," akajibu,
"ningekushikia na mfereji."

Tulimaliza magharibi ikikaribia kuadhiniwa.
Risiti alikuwa amekaa kitako
akitukagua kama mtu wa kaunti.
Kisha akainuka, akajinyoosha, akazunguka mbele ya nyumba,
akatokea getini, geti pekee nililojichomelea mwenyewe,
lenye maua, lenye komeo mbili,
ambalo Wakesho alikuwa ameliacha wazi.

Tukamkamata kwa muuza viazi karai,
mkia juu, kama asiyedaiwa na mtu.

Siku hizi geti linafungwa. Analala ubavu kwenye waya,
kila usiku mahali pale pale.
Nimeshapima kila tundu:
hata kidole changu hakipiti.

Asubuhi ya leo nimeokota uani mkia wa changu,
umechemshwa, hauna hata chembe ya pilipili.
Sisi jana tulikula sukuma.
Nikainama kutafuta ulikopitia.
Nimepaona. Pametanuliwa taratibu kwa mpini wa mwiko,
upana wa mkia wa samaki, si zaidi.

Koleo nimeirudisha sandukuni.