Mlango wa Chumba cha Boila

Mmenipa dakika tatu, na mwenyekiti kaweka saa mezani.
Mimi si msemaji. Mimi ni Odilon Gagné, mfagizi,
nimewasha boila ya shule hii majira ya baridi ishirini na sita,
mengine theluji ikichungulia darasani kama mtoro anayerudi.

Mnataka wakubwa, wa sita hadi wa nane,
wapelekwe mjini, maili ishirini na tano kwa basi,
kwenye jengo lenye maabara.
Sikatai. Hapa hadubini ni moja, na kioo chake kimepasuka.

Ila njooni siku moja, saa moja na nusu asubuhi,
mlangoni, pale viatu vya theluji vinapovuliwa.
Mtamwona Rémi wa darasa la nane,
ndiyo, huyo huyo aliyevunja dirisha la Bouchard,
kapiga goti kwenye maji machafu
anamfungulia zipu binti wa Theriault wa chekechea,
aliyekufa ganzi vidole.
Hakuna aliyemtuma.
Akigundua namwangalia, ananifyonya.

Mkubwa ni jalala.
Sawa, lakini jalala bila wa kulitupia ni shimo tu.
Huko mjini atafika na miaka kumi na moja, awe mdogo upya
kati ya mia sita wasiojua jina lake,
mwaka ule ule sauti inapokatika,
msichana anapovunja ungo na hana wa kumnong'oneza.
Hapa yupo Bi Lucille wa darasa la kwanza,
aliyewashika mkono wakaandika "a".
Akipishana nao ukumbini huwatupia jicho mara moja
akajua nani hakula jana.

Sisemi ni malaika.
Wakubwa wamewafundisha wadogo matusi ya Kifaransa
ambayo hata mimi nilikuwa nimeyasahau.
Lakini nimeona pia ngumi ikiinuka katika foleni ya chakula,
ikakutana na macho ya watoto wa la pili, sahani mkononi,
ikashuka,
ikajifanya inakuna kichwa.

Imebaki moja? Haya.

Mlango wa chumba cha boila una mistari ya penseli.
Kila Oktoba, wakitoka likizo ya kuvuna viazi,
kucha bado nyeusi kwa udongo,
hujipanga niwapime. Si kazi yangu, silipwi kwa hilo.
Rémi ana mistari tisa.
Wa kwanza unanifika kwenye mkanda. Wa mwisho umenipita.
Dada yake Corinne yuko la tano, ana sita.
Juu yake pana rangi ya kijivu, tupu,
upana wa viganja vyangu viwili.

Kiangazi kilichopita niliagizwa nipake milango yote rangi.
Nilipaka yote, nikauacha huo.
Fundi mkuu, kama yumo humu, amesikia.

Nimemaliza, mwenyekiti.
Naombeni ruhusa nikatazame moto,
usiku huu utakuwa na baridi
na kesho watakuja mapema, wote.