Koo la Tausi

Malaika wa makaburi ya Forest Road hana pua.
Wengine husema mvua, wengine mawe ya watoto;
Ochola mlinzi ashikilia kwamba alizaliwa hivyo,
na nani atambishia, funguo ni zake.

Marumaru yalikuja kwa meli, kisha kwa garimoshi,
yamefunikwa majani makavu kama mayai.
Ndivyo alivyonieleza mjukuu aliyenipa kazi,
mzee wa Parklands, kofia mkononi:
"Babu alishona suti tatu kwa kila kidole."
Nikahesabu vidole vya malaika. Tisa.
Sikuuliza.

Chini yake, ukuta wa mozaiki:
tausi wawili wanywea kikombe kimoja,
na jina, EUFRASIA NORONHA, kwa dhahabu,
na mwaka, 1931, ila moja ya mwisho imebanduka,
kwa hiyo bibi huyu alikufa mwaka wa 193,
Nairobi ikiwa bado ni tope lisilo na jina.

Juma zima nilipiga magoti,
nikisugua kuvu kwa mswaki wa meno.
Kigae kimoja hakizidi punje ya muhindi,
na aliyevipanda hakujiandika popote.
Nilitafuta. Nikakuta alama ya dole gumba kwenye saruji.
Nikaweka langu. Lake lilikuwa dogo.

Shingoni mwa tausi wa kushoto
palikosekana vigae kumi na saba.
Bluu ile haiuzwi River Road.
Nilizunguka Gikomba, nikaonyeshwa bluu ya bafu,
bluu ya hospitali, bluu ya sare za shule.

Usiku, Kariobangi, nikatoa kikombe cha kaure cha mama,
kilichovunjika wakati wa matanga
nikakosa moyo wa kukitupa.

Mama yuko Lang'ata, upande wa makaburi ya muda,
namba yake imepakwa rangi kwenye bati.
Udongo ule ni wa kuazima:
miaka ikitimu bati hung'olewa,
akalazwa mwingine papo hapo.
Zimebaki mvua mbili.

Nikakata kwa koleo vipande kumi na saba.
Kimoja kilinichanja. Nikakipachika hivyo hivyo.

Jumamosi mjukuu akainama, akavaa miwani.
"Bluu hii umeitoa wapi?"
"Ni ya zamani, mzee."
Akanilipa, akaongeza mia mbili ya chai.

Alipoondoka nikamsogelea tausi wa kushoto,
nikamwambia kwa Kikisii, polepole:
kunywa, mama, kabla haijapoa.