Viatu Sabini na Tisa

Baba alihesabu watu kwa buni.
Arobaini mfuko wa kushoto wa kanzu,
na kila mwanamume aliyevuka kizingiti
buni moja ilihamia kulia, bila neno,
midomo ikiendelea na uradi
kana kwamba mkono ule si wake.

Msikiti wetu ni mdogo. Kutoka Kibibi
unashuka, unapita kahawa ya akina Lukwago,
unavuka kinamasi juu ya magogo mawili,
na bati lake linakumulika kabla hujauona mlango.
Pasipo arobaini, tulifundishwa, hakuna Ijumaa:
sali adhuhuri yako, rakaa nne,
na hutuba imamu arudi nayo nyumbani.

Kaka yangu Zaidi husali Kampala, juu ya kilima,
ambako watu humwagika hadi kwenye ngazi
na paji la uso hugusa kisigino cha mtu usiyemjua.
Nikamuuliza: usipokwenda, nani atajua?
"Mungu," akasema. Akacheka. Kisha akanyamaza kidogo.
Huku kwetu asipofika mmoja, Mungu anajua,
na wanajua watu thelathini na tisa,
nao hawana huruma kama Yake.

Nimeona Badru akivutwa kutoka chini ya lori,
grisi hadi viwikoni, akipelekwa birikani kama mtoto.
Nimeona mwenye malaria akiletwa kwa baiskeli,
akaegemezwa ukutani, akahesabiwa.
Nimeona wawili wanaogombea mpaka wa mihogo
wakisujudu bega kwa bega, wamenuniana,
kwa sababu akiondoka mmoja
wote wanapoteza.

Babu, enzi za ugomvi wa Juma na Zukuli,
alikuwa na wale waliosali zote mbili,
Ijumaa, kisha adhuhuri juu yake,
kama mtu anayefunga mlango kwa komeo
halafu akauegemezea na kinu.
Shemeji yake hakula kwake miaka kumi na mmoja.
"Ukihesabu vizuri," alisema baba,
"kinu cha nini?"

Baba tulimzika Jumanne.
Ijumaa yake ya kwanza chini ya udongo
imamu Twaha akageuka, akauliza: nani anahesabu?
Hakuna aliyekuja na buni.
Wakahesabu kwa vidole, wakapoteana,
wakamtuma mtoto mlangoni akahesabu viatu.
Akarudi: sabini na tisa.

Sabini na tisa haigawanyiki.
Wengine wakasema: ni thelathini na tisa,
na hicho kimoja kaleta mbwa.
Wengine: tusali adhuhuri twende, mvua hiyo.
Mzee mmoja akakumbuka kinu cha babu,
na ugomvi wa zamani ukaanza kujinyoosha
kama paka aliyeamshwa.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia.
Nafundisha hesabu darasa la sita.
Kwenye tundu la pazia nilikiona kile kiatu,
buti la kushoto, kamba zake za katani.
Nikakohoa. Hawakusikia.
Nikasema, kwa sauti ya darasani:
"Sulaiti ana mguu mmoja."

Kimya.
Kisha kicheko, safu ya nyuma, Sulaiti mwenyewe,
ambaye wa kulia aliuacha vitani Luweero
na hajawahi kuudai.
Kikasambaa hadi kwenye mimbari.
Imamu akaomba msamaha kwa Mungu, naye anacheka.

Thelathini na tisa, na mmoja.
Nilitazama tena zile jozi.
Ndara za ngozi za baba zilikuwemo.
Abasi wa dada yangu kazivaa,
sauti imevunjika mwezi uliopita,
zinampwaya vidole viwili.

Wakasali. Rakaa mbili, basi.
Mvua ikaanza walipotoa salamu
na kila mtu akakimbilia vyake.

Mlango wetu, wa nyuma,
kulikuwa na jozi ishirini na sita.
Hakuna aliyeniuliza.
Nimezihesabu tu.