Imeamka?

Nyuzi thelathini chini ya sifuri, Winnipeg,
na hewa ya ndani kavu kama gome la mkate.
Nikigusa kitasa, cheche. Nikivua sweta, cheche.
Kwa hiyo kabla ya kuifungua nilishika bomba la joto
kwa kiganja kizima, kama mtu anayeapa,
nikaumwaga umeme wangu ardhini.

Skrubu kumi. Nilizipanga kwenye kisahani
kama zilivyotoka, ile ndefu peke yake.
Kifuniko kikaachia kwa mlio wa ukucha.
Ndani, vumbi la miaka kumi na miwili
limejisokota kwenye feni kama sufi,
na unywele mmoja, mrefu, mweusi.
Si wangu.
Niliutoa kwa kibano, nikakaa nao kidogo.

Kijiti cha kumbukumbu nilikipata kwa Bi Remedios,
mtaa wa Selkirk, dola ishirini,
ndani ya bahasha ya bili ya maji.
"Kisukume mpaka kilie," aliniambia,
"usikionee huruma."
Nikasukuma. Kimya.
Nikasukuma kama ninayemfungia mtu mlango.
Ta!

Diski kuukuu, ile ya kuzunguka na kukwaruza,
ilinakiliwa usiku kucha kwenda kwenye mpya,
nyepesi kama biskuti, isiyo na kitu
kinachosogea tumboni mwake.
Kwenye asilimia sabini na moja usingizi ulinichukua.
Picha za nani zilikuwa zikivuka saa ile, sijui.

Asubuhi nikabandika birika, mazoea tu.
Maana zamani maji yalichemka, chai ikakolea,
ikanywewa nusu, na kile kiduara
bado kinazunguka kwenye kioo.
Salha, kabla hajahamia Halifax,
alikuwa akibonyeza kitufe anakwenda kuoga.
Akirudi, taulo kichwani: "Imeamka?"
"Bado."
Basi tunakaa.
Mengi tuliyowahi kuambiana
tuliambiana hapo, tukiisubiri.

Leo nimebonyeza, nikageuka kutafuta sukari.
Kugeuka tena, iko macho, inaningoja mimi.
Sekunde kumi na moja, bila hata kukohoa.
Nimekagua: picha zimo, risiti za kodi zimo,
barua ya kazi niliyonyimwa imo.
Nafasi tele, inasema. Robo tu imejaa.

Nimesimama na kijiko,
maji hayajaanza hata kuimba,
na dakika saba mkononi
ambazo sijui pa kuzihifadhi.