Shahidi wa Saba

Mheshimiwa, mimi nilikuwa shahidi wa saba.
Wito ninao. Nimeukunja mara nne,
umelala ndani ya kanga tangu Newala,
umenyonya jasho hadi wino wa muhuri ukahamia kwenye nguo,
kwa hiyo leo nimegongwa Jamhuri ubavuni.

Wiki mbili nimejifunza kusema.
Sufuria iliniuliza, nikaijibu sufuria.
Ilinibana kuliko wakili yeyote:
*Ulijua lini, mama? Na ulipojua, ulifanya nini?*

Nilipanga kuanza na ubwiriunga.
Mwaka ule ukungu mweupe ulishika maua ya mikorosho,
tukakopa salfa, Bakili akabeba bomba mgongoni,
mikorosho mia na arobaini, siku nne,
akirudi jioni wa manjano kama bizari,
anacheka, kope tu ndizo nyeusi.
Mti ukiingiwa na unga, dawa yake tuliijua.

Halafu msimu, ghala, magunia.
Mgongo ulimuuma, Mheshimiwa, hakuwa mvivu.
Mtu akampa kidonge:
kimoja, na gunia linakuwa godoro.
Shilingi mia tatu.
Duka lenye msalaba wa kijani halikuuliza cheti.
Maboksi yalishuka na pikipiki,
nje yameandikwa dawa ya minyoo.

Kimoja kikawa viwili.
Viwili vikawa karatasi nzima kabla ya chai.
Akauza bomba.
Akauza bati za jiko, mvua ikanikuta nasonga ugali.
Akaanguka mnadani akitupa miguu,
watu wakasema shetani, tukampeleka kwa fundi,
fundi akataka kuku wawili.
(Hapa sufuria ilinyamaza. Hapa nami nilinyamaza.)
Jumanne, alfajiri, midomo rangi ya zambarau.
Mfukoni mwake vidonge vitatu na risiti.
Risiti, Mheshimiwa! Alikuwa mtoto wa kutunza karatasi.
Niliwapa polisi. Wakaitia kwenye mfuko, wakaiita kielelezo.

Yote hayo nilikuwa nayo ulimini
kwenye benchi la mahakama, Mtwara mjini,
kati ya mfamasia aliyekuwa akinusa kamasi
na kijana mchukuzi anayetikisa goti.
Saa nne na robo karani akatoka:
mashahidi, mnaruhusiwa kwenda.
Pande zote zimeelewana.

Zimeelewana. Kwetu hilo ni neno la mahari.
Nikageuka nione ni mjomba gani aliyepokea.

Wakili wa Serikali, binti mdogo, viatu vinamchubua,
alinivuta kando akanieleza polepole.
Kampuni italipa. Fedha ni nyingi, akataja,
nikajaribu kuzihesabu kwa kilo za korosho, nikapotea.
Watajenga chumba pale hospitali,
kila asubuhi vijana watakunywa kikombe chao cha methadoni,
mbele ya muuguzi, na jina litawekwa tiki.
Lakini kampuni haikubali kwamba ilikosa.
Inalipa tu.
Nikamuuliza: unalipaje deni usilolikiri?
Akatazama viatu. Akasema, mama, ndivyo sheria.

Sikatai chumba. Sharifa wa jirani ana mwana,
angali anapumua; na akinywe, kikombe kisimpungukie.
Wala sikutaka mtu afungwe ili nilale.
Nilitaka kusema tu.
Nilitaka mwenye tai aliyeshuka na ndege
aisikie rangi ile ya midomo,
imkae sikioni kama maji ya kuogelea.
Alipita karibu yangu akiongea na simu.
Aliagiza samaki. Asitiwe pilipili.

Dirisha la malipo lina nondo.
Nauli ya shahidi: shilingi elfu kumi na nane, kwenda na kurudi,
saini hapa, kalamu imefungwa uzi.
Jina: Somoe Nangomwa.
Utokako: Newala.
Sababu ya safari: kisanduku kidogo, kidole kinakifunika.
Nikaandika *Bakili*.

Mama, akasema karani, hapo andika "ushahidi".

Nikamwambia, ndio huo.